Kwa Kadiri Iwezekanavyo

Leo tunafunga ofisi ya Profesa Ishbel Kinnear.
Dundee imevaa ukungu, mto Tay hauonekani,
na lifti, kama kawaida yake, imegoma.
Nimekuja kubeba maboksi, mimi
niliyeanguka mtihani wake mara mbili
na kufaulu mara ya tatu kwa kuandika swali mahali pa jibu.

Rafuni, katikati ya juzuu za sheria,
kuna kopo la pichi lenye kovu ubavuni.
"Hilo usiliguse," anasema. "Ni shahidi."
Mwaka wa mgomo wa wachimba makaa
alikuwa na miaka tisa, kule Lochgelly.
Mama yake alikoroga supu ya dengu ukumbini
kwa mwiko mrefu kama mpini wa koleo:
watu mia mbili, sufuria mbili.
Kopo lilikuja kwa lori, zawadi ya watu wasiojulikana,
na mama akamwambia, hili tutalifungua tukishinda.

Hawakushinda.

Akasomea sheria Edinburgh kwa viatu vya binamu.
Alipotaja mada ya tasnifu yake
mzee mmoja wa jopo alivua miwani:
"Haki ya chakula? Una maana usafi wa bucha?"
Kwa miaka watu wakamwandikia barua
za maziwa yaliyochacha, nyama iliyopitwa na tarehe,
unywele ndani ya pai.
Alizijibu zote kwa adabu, kisha chini akaongeza:
na asiye na pai, je?

Geneva walimpa dakika saba na taa nyekundu.
Alipomaliza, wajumbe walikwenda kula.
Usiku, hotelini, alikuta mkobani sandwichi nne
zimefungwa kwa kitambaa cha karatasi,
na wala hakuwa na njaa. Ni mkono tu, aliniambia.
Mkono una kumbukumbu zake.

Wanasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa.
Yeye alimjua kwa jina: Struan Petrie, fundi wa mapaa,
aliyefika kanisani kila Alhamisi kuchukua mfuko wake.
Siku moja Struan akazirudisha tambi mezani, taratibu,
kama mtu anayerudisha barua isiyo yake:
"Mita ya umeme imekufa tangu Jumatatu.
Nipe kisichopikwa."
Usiku ule Profesa alifuta ukurasa mzima wa muswada wake
akaandika: chakula, na moto wa kukipikia.

Kamati iliusoma muswada miezi kumi na minne.
Moto ulikatwa kwanza.
Kisha "kila mtu" akageuka "wanaostahili".
Kilichosalia kilipitishwa, makofi yakapigwa,
na mwishoni mwa kifungu, kama panya ndani ya gunia,
maneno matatu: kwa kadiri iwezekanavyo.

Maneno hayo yamekula miaka ishirini ya umri wake.
Ameyaandikia vitabu viwili, makala thelathini na moja.
Anaweza kukutajia waziri yupi aliyatumia, tarehe gani,
na alikuwa ameshika nini mkononi.
Mahakamani alishindwa, majaji wawili kwa mmoja.
Yule mmoja aliandika aya nne.
Tunazifundisha kana kwamba ndizo zilizoshinda.

Tunashuka ngazi, yeye na kopo, mimi na mengine yote.
Namuuliza kama ilifaa.
Hajibu maswali ya jumla; hajawahi.
Tunapita kando ya shule ya msingi, saa ya chakula,
madirisha yana mvuke.
Karibu na kioo ameketi mvulana.
Amemaliza viazi, amemaliza samaki,
njegere amezisukuma ukingoni mwa sahani, moja moja,
na sasa anatazama nje, hana habari na mtu.

"Mwone," anasema Profesa. "Anaziacha."

Anasimama pale kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu,
kisha analihamishia kopo mkono wa pili.